Saini Husomwa Mwisho: Kutambua Mapambo Halisi ya Panga za Japani

Upanga wa samurai haukuwa kazi ya fundi mmoja. Bapa lilifuliwa na mhunzi, na vifaa vilivyoushika mpini, kuulinda mkono na kuipamba ala vilitoka kwa mafundi wengine, wengi wao masonara na wachonga nakshi. Leo vifaa hivyo hukusanywa, huuzwa na kuwekwa katika makumbusho kama sanaa inayojitegemea, mara nyingi bila upanga wowote. Vingi vimetiwa saini, na saini ya fundi mashuhuri hupandisha bei mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo saini za uongo ni nyingi, na mtu anayetaka kujua ukweli wa kifaa hana budi kukichunguza hatua kwa hatua kabla ya kuliamini jina lililochongwa juu yake.

Kifaa kikuu ni tsuba, bamba lenye upana wa sentimita 6 hadi 8 hivi linalokaa kati ya mpini na bapa. Katikati yake kuna tundu la kupitishia msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Kando ya tundu hilo mara nyingi kuna matundu mengine mawili. Moja ni la kozuka, kishikio cha kisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala, na la pili ni la kogai, chombo chembamba cha kutengenezea nywele. Mpini una fuchi, pete inayouzunguka upande wa tsuba, na kashira, kofia inayoufunga mwishoni. Menuki ni jozi ya mapambo madogo yanayobanwa na uzi wa mpini, moja kila upande.

Saini ya tsuba huchongwa kandokando ya tundu la msuka, mahali ambapo upanga ukishafungwa hufunikwa na kibati cha shaba. Ya fuchi huwa kwenye kibamba cha juu kinachogusana na tsuba, na ya kozuka huwa nyuma. Kwa hiyo aliyeuona upanga kiunoni mwa mwenyewe hakuiona saini hata kidogo. Ilionekana tu upanga ulipofunguliwa.

Jinsi saini zilivyoanza kuwa na thamani

Ukoo wa Goto ndio uliodumu katika kazi hii kuliko koo zote. Mwanzilishi wake, Goto Yujo (1440–1512), alimfanyia kazi shoguni Ashikaga Yoshimasa, na shina kuu la ukoo liliendelea kwa vizazi 17 hadi karne ya 19. Vizazi vya mwanzo kwa kawaida havikutia saini. Wateja wao walikuwa watawala, na kila aliyehusika alijua kazi imetoka kwa nani. Wakuu wa ukoo waliokuja baadaye ndio waliozikagua kazi za mababu zao, wakaziandikia hati za uthibitisho, na wakati mwingine wakachonga juu ya kifaa jina la babu pamoja na jina lao wenyewe. Goto Mitsutaka wa kizazi cha 13, kwa mfano, ameacha vifaa vinavyoeleza kwamba pambo ni la Yujo na kwamba anayethibitisha ni yeye. Saini ya namna hiyo ni hukumu ya mjuzi wa karne ya 18 kuhusu kazi ya karne ya 15, na haina maana kwamba Yujo aliichonga kwa mkono wake. Mara nyingi pambo lenyewe liling'olewa kwenye kifaa cha zamani likabandikwa juu ya bamba jipya, hivyo umri wa pambo na umri wa bamba hupishana.

Enzi ya Edo (1603–1868) ilileta amani ndefu, miji ikakua na wafanyabiashara wakawa na fedha za kununua vitu vya anasa. Yokoya Somin (1670–1733) aliacha posho ya serikali ya shoguni akawa fundi wa mjini, akifanya kazi kwa ajili ya mteja yeyote mwenye kulipa. Wengi walimfuata. Fundi wa soko alihitaji jina linalojulikana, na saini ikawa sehemu ya kawaida ya kazi. Jina likishakuwa na bei, wa kuliiba hakosekani, na saini za uongo za Somin zilianza kuchongwa kabla ya soko la wageni kuwapo.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1876, serikali ya Meiji ilipopiga marufuku raia kuvaa panga hadharani. Mafundi walipoteza wateja wao karibu kwa siku moja. Baadhi waligeukia vyombo vya mapambo ya nyumbani, na wengine walitengeneza vifaa vya upanga kwa ajili ya wageni wa Ulaya na Marekani ambao hawakujua kusoma saini lakini walitaka iwepo. Kano Natsuo (1828–1898), aliyekuwa bingwa wa tsuba, alipewa kazi ya kubuni sarafu mpya za serikali. Kazi zake zilikuwa ghali angali hai, na jina lake ni miongoni mwa yale yanayoghushiwa zaidi.

Aina za saini zisizo za kweli

Si kila saini isiyo ya kweli ilichongwa na tapeli. Mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwalimu wake wakati mwingine alinakili na saini, kwa heshima au kwa mazoezi. Mwalimu aliyezidiwa na kazi au uzee aliweza kumruhusu mwanafunzi kutengeneza kifaa na kukitia jina la karakana, na hiyo ilihesabiwa kuwa kazi halali ya mwalimu. Tena majina yalirithiwa. Yasuchika wa kwanza (1670–1744) alifuatwa na warithi waliotumia jina lilelile, hivyo saini inayosomeka Yasuchika inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe ya yule bwana anayetafutwa.

Udanganyifu wa makusudi nao una namna zake. Ya kwanza ni kuchukua kifaa kizuri kisicho na saini na kukiongezea jina kubwa. Ya pili ni kufuta jina la fundi mdogo na kuandika la mkubwa mahali pake. Ya tatu ni kutengeneza kifaa kizima kwa mtindo wa bingwa fulani na kukitia saini yake. Ya nne, iliyoenea zaidi siku hizi kwa sababu ni rahisi, ni kutengeneza kalibu kutokana na kifaa halisi na kusubu nakala, saini ikiwa imo ndani ya kalibu pamoja na kila kitu.

Kuna majina ambayo yakionekana tu huamsha shaka. Mfano ni Soten wa mji wa Hikone, aliyechonga tsuba za chuma zilizotobolewa kwa ustadi, zikiwa na wazee wa hekima wa Kichina, mashujaa na miti ya misonobari iliyotiwa vidoa vya dhahabu. Mtindo huo ulipendwa mno, karakana za sehemu nyingine za Japani zikauiga kwa wingi na kuweka saini ndefu yenye jina la Soten na la Hikone. Zilizo nyingi sokoni ni za waigaji. Nobuie na Kaneie, mabingwa wa tsuba za chuma wa mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, nao wameigwa kwa muda mrefu hivi kwamba baadhi ya nakala zenyewe sasa ni vitu vya kale.

Kazi huchunguzwa kwanza

Wakaguzi wenye uzoefu hukitazama kifaa kana kwamba hakina saini. Wanajiuliza ni cha wakati gani, cha karakana gani, na kina ubora wa kiwango gani. Jibu likishapatikana ndipo saini husomwa, na swali linalobaki ni moja: je, jina linakubaliana na kazi? Anayeanza na jina huona kila kitu kinalithibitisha, kwa kuwa tayari ametamani liwe la kweli.

Uchunguzi huanzia kwenye metali. Chuma cha tsuba ya kale kina kutu nyeusi au ya kahawia iliyokolea, laini na yenye mng'ao wa ndani uliotokana na miaka ya kushikwa na kufutwa. Kutu nyekundu ya unga ni changa, na rangi nyeusi isiyo na kina, iliyotapakaa sawasawa hata ndani ya matundu, mara nyingi ni ya dawa au ya rangi ya kupaka. Chuma kilichosubiwa hujulikana kwa vitundu vidogo vya hewa, ngozi ya chengachenga, na mstari mwembamba ndani ya matundu pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kingo za nakshi zake ni butu, kama sabuni iliyotumika kidogo.

Masonara walipenda shakudo, mchanganyiko wa shaba nyekundu na dhahabu kidogo, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 hivi. Ukichemshwa katika maji yenye chumvi za shaba, uso wake hugeuka mweusi wenye kivuli cha zambarau au buluu. Utando huo ni mwembamba sana, na mahali palipoguswaguswa kwa vizazi huonyesha wekundu wa shaba chini yake. Kifaa cheusi ambacho mkwaruzo wake umetoa rangi ya manjano kimetengenezwa kwa metali nyingine na kupakwa weusi. Mchanganyiko mwingine ni shibuichi, wa shaba na fedha, ambao rangi yake huanzia kijivu hadi kahawia ya kijani.

Baada ya metali hufuata mkono wa fundi. Kazi nyingi za Goto zina uwanja wa vijitone vidogo vilivyoinuka, uitwao nanako. Kila kijitone kiligongwa peke yake kwa tindo yenye ncha ya duara iliyobonyea, na katika kazi nzuri safu zake hazipindi hata zinapozunguka tundu au kukaribia ukingo. Vijitone visivyolingana, vilivyopandana au vilivyochanika haviendani na jina la mkuu wa ukoo. Somin alijulikana kwa mchongo mwingine, wa tindo iliyolazwa upande mmoja, hivyo mfereji wake ni wima upande huu na mteremko upande ule. Mstari hunenepa na kukonda kama wa brashi ya wino, na fundi hakupata nafasi ya kurudia. Mwigaji huenda polepole kwa woga, na mstari wake hujaa vituo na masahihisho.

Matumizi nayo huacha ushahidi. Tsuba iliyofungwa kwenye upanga ina alama ya kile kibati kandokando ya tundu la msuka. Ilipohamishiwa upanga mwingine, tundu lilipunguzwa kwa vipande vya shaba au kwa kugonga kingo zake kwa tindo ili libane. Hata hivyo kukosekana kwa alama hizi hakuthibitishi uongo, kwa kuwa vifaa bora vya karne ya 19 mara nyingi vilitengenezwa kwa ajili ya zawadi na vikabaki ndani ya kisanduku bila kufungwa kwenye upanga wowote.

Saini chini ya lenzi

Saini huchongwa kwa tindo ndogo inayosukumwa kwa mapigo mepesi ya nyundo. Kila pigo huacha alama ya pembetatu, na mstari mmoja wa herufi ni msururu wa pembetatu hizo. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuonyesha mstari ulianzia wapi, ulielekea wapi, mapigo yalikuwa mangapi na tindo iliinamishwa vipi. Mazoea hayo ni ya mkono, na fundi hayafikirii anapotia jina lake kwa mara ya elfu. Mwigaji anaweza kulipata umbo la herufi kutoka kwenye kitabu cha picha, lakini picha haimwonyeshi kwa urahisi mwelekeo na mdundo wa mapigo.

Tindo inapopita, metali husukumwa na kuinuka kidogo pande mbili za mfereji. Katika saini ya zamani kingo hizo zimelainika kwa kusuguliwa na kile kibati. Zikiwa bado kali na zinakwaruza kidole kwenye kifaa ambacho sehemu nyingine zote zimechakaa, saini ni changa kuliko kifaa. Rangi iliyo ndani ya mfereji nayo inapaswa kuwa ya umri mmoja na ya nje. Mng'ao wa metali tupu mferejini, au kutu nyekundu ndani ya saini iliyochongwa juu ya chuma cheusi, ni dalili kwamba jina liliongezwa. Saini iliyosubiwa haina kingo zilizoinuka wala pembetatu. Sakafu ya mfereji wake ni ya mviringo.

Kuna kipimo kingine cha kutazama kwa makini. Alama za tindo zilizogongwa kuzunguka tundu la msuka ziliwekwa tsuba ilipofungwa kwenye upanga, kwa kawaida baada ya fundi kumaliza kazi na kutia jina. Alama hizo zikiwa zimeibonyeza au kuikata saini, saini ilitangulia. Mistari ya saini ikiwa imepita juu ya alama, jina lilikuja baadaye. Vilevile sehemu iliyobonyea kidogo au yenye mikwaruzo ya tupa pembeni mwa tundu yaweza kuwa kaburi la jina la kwanza lililofutwa.

Maneno yanayofuatana na jina huchunguzwa pia. Saini ndefu hutaja mahali, tarehe, umri wa fundi au cheo chake, na kila kimoja kinaweza kupimwa. Tarehe za Kijapani huhesabiwa kwa enzi: enzi ya Kyowa ilianza 1801 ikaisha 1804, hivyo kifaa cha mwaka wa 7 wa Kyowa hakiwezekani. Mara nyingine mwaka hutajwa pia kwa mzunguko wa wanyama. Mwaka wa 5 wa enzi ya Tenpo, yaani 1834, ulikuwa wa farasi, na saini inayoutaja pamoja na mnyama mwingine imejishtaki yenyewe. Maisha ya fundi nayo huweka mipaka. Goto Ichijo (1791–1876) alitumia jina Mitsuyo hadi 1824, alipopewa cheo cha heshima cha hokkyo na kuchukua jina la Ichijo. Cheo cha juu zaidi cha hogen alikipata karibu miaka 40 baadaye. Saini ya Ichijo yenye cheo cha hogen na tarehe ya miaka ya 1830 haina utetezi.

Jina mara nyingi hufuatwa na kao, alama ya siri ya mkono ambayo kila fundi alijibunia na ambayo ilibadilika kadiri alivyozeeka. Wakaguzi hulinganisha kao na vielelezo vya miaka ileile ya fundi huyo. Kielelezo kimoja hakitoshi. Vifaa vyenye jina la Nobuie, kwa mfano, vina mikono miwili inayotambuliwa tangu zamani, mmoja wa herufi nene na mwingine wa herufi zilizoachana, na wanaouona mmoja tu huishia kuukataa wa pili kimakosa. Tena saini inayofanana mno na kielelezo maarufu, mstari kwa mstari, inatia shaka kuliko ile yenye tofauti ndogo, kwani hakuna mtu anayetia jina lake vilevile kila siku.

Hati, visanduku na vyeti

Ushahidi wa maandishi hutazamwa baada ya kifaa chenyewe. Hati za kale za ukoo wa Goto zina thamani kubwa, lakini ziliandikwa kwa maneno machache bila picha, na hati halisi huweza kuambatanishwa na kifaa kingine cha mada ileile. Hatari hiyohiyo ipo kwa visanduku vya mbao ambavyo wataalamu wa karne ya 20 waliandika maoni yao juu ya vifuniko. Kisanduku kinaweza kuwa cha kweli na kilichomo kikawa kimebadilishwa. Vipimo, umbo na maelezo yaliyo kwenye kifuniko lazima yaendane na kifaa.

Chombo kinachotegemewa zaidi leo ni chama cha kuhifadhi panga za sanaa cha Japani, Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai, kilichoanzishwa 1948. Jopo lake hukagua kifaa na kutoa vyeti vya ngazi nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo, cha mwisho kikiwa cha juu kabisa. Cheti kina picha ya kifaa, na anayenunua anapaswa kulinganisha picha hiyo na kifaa alama kwa alama, hadi mikwaruzo. Vyeti vya mfumo wa awali, vilivyotolewa kabla ya mageuzi ya 1982, havipewi uzito uleule, na wakusanyaji wengi hukipeleka tena kifaa chenye cheti hicho kukaguliwa upya. Kifaa ambacho saini yake imeonekana ya uongo hunyimwa cheti. Kisicho na saini hupewa cheti chenye jina la karakana au fundi ambaye jopo linaamini ndiye aliyekitengeneza.

Mtu asiyeweza kukifikisha kifaa mbele ya jopo anaweza kujifunza mengi kwa kuona kazi zisizo na shaka. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, Museum of Fine Arts ya Boston na Ashmolean ya Oxford zina mikusanyo mikubwa. Wakati wa kusubiri uamuzi, kifaa hakisafishwi kwa dawa wala hakisuguliwi king'ae. Utando wa juu ni sehemu ya kazi ya fundi na ni ushahidi wa umri, na ukiondolewa haurudi.

Uamuzi wa mwisho huwa na majibu zaidi ya mawili. Kifaa kinaweza kuwa cha bingwa mwenyewe, cha mrithi mwenye jina lake, cha mwanafunzi aliyeruhusiwa, cha karakana ileile bila kujulikana mkono, kizuri chenye jina lililoongezwa, au nakala ya kalibu isiyo na thamani ya kale. Kilicho kizuri chenye jina la uongo hupoteza sehemu kubwa ya bei lakini hakipotezi ubora wake: nanako iliyonyooka hubaki imenyooka, na wakusanyaji wengi hukinunua kwa bei ya kifaa kisicho na saini.